Nani Aliizima Rauta Siku ya Ilija?

Tak.

Hiyo ndiyo sauti niliyoisikia kwanza. Ndogo, kavu, kama mtu kavunja njiti ya kiberiti. Ilitoka koridoni.

Halafu radi ikapiga nyuma ya mlima, ikanguruma kama pipa tupu linaloviringishwa juu ya mawe.

Nikatazama kompyuta. Ule mstari wa bluu uliokuwa ukitambaa tangu asubuhi ulikuwa umesimama katikati. Juu yake maandishi yaleyale... usizime kifaa wakati kinasasishwa.

Nyie!

Niliruka mpaka kiti kikaanguka. Kufika koridoni namkuta bamdogo Radiša, mdogo wake baba, amesimama kando ya kasha la zamani. Mkono mmoja ana jagi la divai. Mkono wa pili uko juu ya swichi ya ekstensheni. Na kile kitaa chekundu cha swichi kimezimika.

Juu ya kasha, chini ya kitambaa cheupe alichokifuma bibi, rauta, kile kiboksi cha mtandao, ilikuwa giza tupu.

"Umefanya nini?"

"Radi," akasema, bila kunitazama. "Nimezima. Kila mtu anazima."

Nikamkunja ukosi. Divai ikamwagika, ikamlowesha shati jeupe la sikukuu kuanzia kifuani mpaka kwenye mkanda. Ukinikuta vile, ungedhani nimemchoma kisu.

Ngoja kwanza niwaeleze, maana najua kuna mtu hapo anasema, yaani unamkunja baba yako mdogo kwa ajili ya kiboksi cha plastiki?

Naitwa Ognjen. Kwetu ni chini ya mlima Rtanj, mashariki mwa Serbia. Kila nyumba huku ina mtakatifu wake, na siku yake inaitwa slava. Wetu ni Ilija, mwenye radi, na siku yake inaangukia Agosti, joto likiwa limepamba moto. Asubuhi mshumaa unawashwa. Mkate wenye mapambo unawekwa mezani, ngano iliyopikwa kando yake, divai, na kisu. Mkate ule haukatwi na yeyote mwenye njaa. Unakatwa na mwenye slava.

Mwenye slava ni baba. Akitaka kuiachia, anamshikisha mwanawe ule mkate mbele ya mshumaa, na kuanzia hapo mwana ndiye anayesimamia nyumba mbele ya mtakatifu.

Baba yangu, Miloje, mwaka jana siku hiyo alikuwa amelala hospitalini Austria, nchi aliyofanyia kazi ya kuweka vigae nusu ya maisha yake. Moyo. Mchana uleule alikuwa afunguliwe kifua. Mama alikuwa naye, ndiye aliyekuwa akimshikia simu.

Siku chache kabla, aliniambia kwenye simu kwa sauti ndogo kwamba siku ya Ilija atanikabidhi mkate. Kwa video. Alitaka kuingia chumba cha upasuaji akiwa amemaliza mambo yake.

Mimi nilivimba kichwa. Hilo neno nililisubiri tangu nianze kuota ndevu. Nikapiga pasi shati, nikajitungia maneno mazuri ya kupokelea, nikawa nayasema peke yangu nikilisha nguruwe.

Bamdogo alipopata habari alicheka. Akasema mkate haupiti kwenye waya. Akasema kama anatafutwa mtu wa kuushika, yeye yupo, ana mikono miwili na koo la kuimbia. Wote walicheka mezani, isipokuwa Bibi Živana, mama yao. Yeye alikuwa anafuma kitambaa, hata macho hakuyainua.

Sasa tatizo likawa moja. Video ilikuwa inaganda. Kila mama akipiga, sura yake inabaki imeachama mdomo, na sauti inafika vipandevipande. Nikaingia kwenye ukurasa wa rauta, nikakuta kuna toleo jipya la programu yake ya ndani. Inasema litatuliza mawasiliano.

Bibi alinikanya. Siku ya Ilija mtu hafanyi kazi, anayefanya kazi anaitafuta radi kwa jina lake. Nikamwambia bibi, kubonyeza si kazi.

Nikabonyeza.

Na sasa mnajua kwa nini nilikuwa nimemshika mtu mzima shingoni.

Bibi ndiye aliyetutenganisha. Alitoka kwenye stoo, mlango wake uko palepale ubavuni mwa kasha, mikono ina chembe za ngano. Alisema mshumaa unawaka, na mbele ya mshumaa hakuna wa kumkunja mwenzake. Nikamwachia. Bamdogo akaenda kujipangusa divai, kimya. Na bamdogo si mtu wa kunyamaza.

Niliwasha ile swichi huku naomba.

Taa ya kwanza ikawaka. Nikasema asante Mungu. Halafu zikawaka zote kwa pamoja, zikazimika. Zikawaka, zikazimika. Ilikuwa kama mtu anayeamka, anasahau yeye ni nani, anaanguka, anaamka tena.

Ndani yake kulikuwa na nusu ya programu mpya, na ya zamani ilishafutwa. Nusu haimwamshi mtu.

Mtaniuliza, simu ya mezani je? Kwetu inapitia kwenye kiboksi hichohicho. Simu ya mkononi? Kuta zetu ni za mawe, mle ndani mtandao hauingii hata kwa kubembelezwa. Kwa jirani? Mkate wa slava hautoki nyumbani kwake, wala mshumaa haubebwi barabarani.

Kulikuwa na njia moja tu. Nilishawahi kuisoma, ila sikuwahi kuifanya. Rauta nyingi za aina ile, ukibana kile kitufe kilichofichwa ndani ya kitundu wakati unaiwasha, haijaribu kuamka tena. Inaomba msaada. Inaita kwenye waya, inatafuta kompyuta yenye anwani ile inayoijua, na ikiikuta inaomba faili lenye jina lile inalolitaka. Ukiwa nalo, inalimeza zima na kujijenga upya.

Mimi faili sikuwa nalo. Na la kulipata ni mtandaoni.

Kijijini kwetu, ukitaka mtandao wa simu unapanda makaburini. Ndipo palipo juu. Tumeshazoea, utamkuta mtu ameegemea jiwe la babu yake anabishana na mwanawe aliyeko Vienna.

Bibi alinishika mkono mlangoni. "Si leo, Ognjen. Si juu kule."

Nikamponyoka.

Mvua ilinikuta nusu ya njia. Si ile ya kunyesha, ilikuwa ya kumwagwa. Nilipofika juu nilijibanza chini ya ukuta wa mawe, nikalala karibu kifudifudi, simu nimeificha ndani ya shati. Faili likaanza kushuka. Taratibu... taratibu mno.

Ujumbe wa mama ukaingia. "Uko wapi? Wanasema watakuja kumchukua mapema. Kashika simu, haiachii."

Nikaandika: subirini, narekebisha.

Ningeweza kupiga palepale. Lakini baba alitaka kuuona mkate na mshumaa, na amwone mama yake. Vyote vilikuwa chini. Pale juu angeniona mimi tu, nimelowa kama kuku, katikati ya misalaba.

Ndipo mbingu ikapasuka.

Mwanga kwanza, mweupe, mpaka nikaona majina yote kwenye mawe. Halafu kishindo. Ule mti mkubwa karibu na lango la makaburi ulichanika tawi lake lote, likaanguka njiani nilikopita muda mfupi tu uliopita. Harufu ya moshi ikanijia. Nilibaki nimefumba macho, nasema jina la Ilija kama mtoto.

Mwanga kwanza. Kishindo baadaye.

Na palepale, uso ukiwa kwenye tope, akili ikanirudisha koridoni.

Tak kwanza. Radi baadaye.

Swichi ilipozimwa, radi ilikuwa bado haijapiga.

Sasa bamdogo alizima kwa ajili ya radi gani?

Niliposikia simu inatetemeka, faili limekamilika, sikuwa tena na woga. Nilishuka kile kilima nikikanyaga tope kama naliadhibu. Kichwani nilikuwa nimeshamaliza kesi. Anautaka mkate. Anajua kaka yake akiingia chumba kile bila kunikabidhi, na asitoke... mwenye kuushika ni yeye.

Nilikuta padri ameshapita. Alibariki mkate na ngano, akasubiri, akashindwa, maana nusu ya kijiji ni watu wa Ilija na wote wanamngoja. Aliacha neno kwamba tukiwa tayari tukate wenyewe.

Nikaichomeka kompyuta kwenye rauta kwa waya, nikaipa ile anwani, nikalihamisha faili kutoka kwenye simu na kulibadilisha jina. Mikono ilikuwa inatiririka maji, hata herufi zilinikimbia.

Ikabaki kazi ya watu watatu. Mmoja abane kitufe ndani ya kitundu, mwingine awashe swichi, na mimi niitazame kompyuta. Bamdogo alikuwa amesimama tu hapo, shati bado jekundu. Nikamwambia tutaongea baadaye, sasa shika njiti ya kiberiti, ubane kitufe.

Njiti ya kwanza ikakatika. Ya pili ikakatika. Kitundu kilikuwa chembamba.

"Bibi, nipe ile sindano yako ya kufumia."

Hiyo sindano ya chuma haimtoki. Iko kwenye mfuko wa aproni, kama wanaume wanavyobeba kisu cha mfukoni.

Bibi akaufunika mfuko kwa kiganja.

"Sikupi."

Nikamgeukia bamdogo. Nikamwambia umemtisha na yeye? Nikamwambia nilisikia, radi ilikuja nyuma, wewe ulizima kabla. Nikamwita jina ambalo sitaliandika hapa.

Alimtazama mama yake tu, vile mtu anavyomtazama mtu aliyebeba kitu kizito, anasubiri akitue mwenyewe.

"Mwache," bibi akasema. "Mimi ndiye niliyezima. Yeye alitoka kuchota divai, akanikuta mkono uko pale. Akanisukuma stoo."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Wewe? Bibi, baba anasubiri!"

"Najua anasubiri nini."

Akakaa. Na bibi hakai siku ya slava, huwa amesimama mpaka mgeni wa mwisho aondoke.

"Babu yako alimshikisha Miloje mkate huu akiwa kitandani, pale nyuma yako. Alfajiri tukamwosha. Baba mkwe wangu naye hivyohivyo, alitoa mkate, akageukia ukuta. Mwanamume wa nyumba hii akishatoa mkate, amemaliza. Anakwenda." Aliongea polepole, macho kwenye mshumaa. "Sasa Miloje anataka kuutoa, halafu akalale kwa wale wenye visu. Nimekataa. Mwanangu aingie mle akijua nyumbani kuna mkate haujakatwa."



Jamani, mimi niliyekuwa namwimbia nguruwe maneno ya kupokea... sikuwahi hata mara moja kujiuliza kwa nini mtu anakabidhi.

Nikamtazama bamdogo, na ile divai kifuani. Alikuwa tayari nimchukie maisha yake yote ili nisimguse mama yake kwa neno moja. Akanipiga kikofi cha kisogoni, taratibu.

"Nilisema haupiti kwenye waya," akasema. "Hukusikia. Kichwa kimejaa mtandao."

Nikapiga magoti mbele ya bibi, tope na yote. Nikamwambia tukimwacha aingie kule nyumba ikiwa kimya, hatajua kama tumemkatalia kwa upendo. Atadhani tumemsahau. Bora atusikie. Nikamwambia nipe sindano, mkate sitaupokea.

Alinitazama mpaka nikaona aibu. Halafu akatoa sindano.

Bamdogo akaiingiza kitunduni, ulimi nje kama fundi saa. Swichi, nikamwomba bibi mwenyewe.

Akanyoosha kidole.

Tak.

Taa moja tu ikawaka, ikatulia. Haikupepesa. Nikatazama kompyuta... hakuna kitu. Rauta ilikuwa inaita, na hakuna anayeitikia. Nikatukana, nikakumbuka. Ule ulinzi wa kompyuta, unaozuia wageni, ulikuwa unaifungia rauta mlango. Nikauzima.

"Tena."

Tak, imezimwa. Tak, imewashwa. Sindano ndani.

Na safari hii faili likaanza kwenda.

Nikawaambia sasa asiguse mtu kitu. Ikikatika tena hapa, basi. Nje radi ilikuwa imefika juu ya paa. Balbu ya jikoni ikafifia, ikawa njano, ikawa kama kaa la moto... Bamdogo akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye sindano, nusura ajitoboe jicho. Bibi alikuwa amesimama mbele ya swichi, mgongo umeibana, mikono ameitanua, kana kwamba radi yenyewe ingetaka kuibonyeza ingeanza na yeye.

Balbu ikarudi.

Rauta ikazimika yenyewe. Sisi watatu tukaacha kupumua.

Kisha taa ya kwanza. Ya pili. Tukasubiri. Ya tatu. Halafu ile ya mwisho, yenye alama ya dunia, ikapepesa, ikapepesa... ikashika.

Sikuirudishia hata nywila yake ya zamani. Nilipiga hivyohivyo kutoka kwenye ile kompyuta, kwa waya.

Mama akapokea kabla haijalia mara mbili. Alikuwa amelia. Akageuza simu, na baba akatokea, amevalishwa kofia ya karatasi, uso rangi ya shuka. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi na watu wa hospitali wamesimama na kitanda cha magurudumu.

"Mkate uko wapi?" akasema. "Haraka, mwanangu. Hawa wamenivumilia sana."

Nikauinua mkate. Nyuma yangu mshumaa, na bibi kando ya mshumaa. Baba akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye kioo. Mikono mitupu, ina mipira ya dawa. Akaanza yale maneno.

"Mimi, Miloje, mbele ya..."

"Hapana, baba."

Akasimama. "Hapana nini?"

"Siupokei."

Sijawahi kuona uso ukivunjika vile. Akauliza kwa sauti ya chini amenikosea nini. Yale maneno yangu mazuri yote yalikuwa yameyeyuka. Nilisema tu lililobaki.

"Hujanikosea. Mkate ni wako, baba. Njoo uukate."

"Utakauka, mjinga wewe."

"Tutauchovya kwenye divai, kaka," bamdogo akadakia nyuma yangu. "Hata hivyo meno yenyewe huna."

Baba akamwona, akaliona shati. Akauliza ile ni damu? Bamdogo akamwambia ni divai, mwanao amenibatiza. Na baba akacheka. Cheko dogo, la maumivu, mama akalazimika kumshika bega.

Bibi akasogea mbele. Hakusema kuhusu swichi, na sisi hatukusema. Alikichukua kisu, akakilaza kando ya mkate, mahali ambapo baba angekiona vizuri.

Ndugu zangu, nimewaandikia haya kwa sababu mwaka huu Ilija amekaribia, na jana rauta imeniletea tena tangazo la toleo jipya. Nimelifunga. Ila lenyewe limenikumbusha jinsi nilivyomkunja mtu asiye na kosa. Kabla hujamshika mtu ukosi, jiulize kwanza anamkinga nani. Mimi nilidhani napigania heshima yangu, kumbe watu wawili ndani ya nyumba ile walikuwa wanapigania uhai wa baba, kila mmoja kwa njia yake ya kijinga.

Na ndiyo, alipona. Alikuja na fimbo, majani yakiwa yameanza kuanguka, akaukuta mkate umefungwa kwenye kile kitambaa cha rauta, mgumu kama jiwe la makaburini. Ulikatwa kwa shoka kwanza, ndipo kwa kisu. Hakuna aliyelalamika.

Lakini nikiikumbuka siku ile sikumbuki mkate. Namkumbuka baba kwenye kioo, wale watu wameshaanza kumsukuma, mama anatembea kando na simu, taa za dari zinapita usoni kwake moja baada ya nyingine. Hakunitazama mimi. Alimtazama bibi, na kile kisu.

"Mama," akasema, "usikiondoe. Nakuja kuukata mwenyewe."